Sinyolewi kwa Ajili ya Samaki

Dunda, Bagamoyo
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Asalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo mama, na shikamoo nyingine ya Dija, ambaye bado haiwezi vizuri, anasema "kamoo" halafu anakimbia.

Natumai barua hii inakukuta mgongo umekuachia kidogo na lile jicho la kushoto limeacha kutoa machozi. Kama bado, tafadhali ile dawa ya matone niliyokutumia itie wewe mwenyewe, usiwagawie majirani, maana nakujua. Kaka Ridhiwani mpe salamu zangu, na wifi pia. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Dija meno ya mbele yametimia juu na chini. Akinyimwa kitu anashika kiuno na kusema "huna adabu," sauti ileile ya bibi yake mzaa baba. Tunageuza uso kucheka, kisha tunamkanya.

Najua umeshangaa kuletewa bahasha zama hizi za simu. Nimempa Ramadhan, yule dereva wa gari la chumvi anayekuja Saadani, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Kwenye simu siwezi kusema. Nikipiga anapokea kaka Ridhiwani, anaweka sauti ya nje, na kabla sijamaliza kukuamkia nasikia wifi, watoto na muuza mihogo aliyekuwa anapita wote wananiitikia marahaba. Ya leo ni yako peke yako. Soma mwenyewe, taratibu, na miwani.

Kaka alinifikishia maneno yako. Alisema umesema nikubali ninyolewe yaishe, kwamba nywele zitaota tena lakini nyumba ikivunjika haioti, na kwamba mwanamke mwenye mtoto mdogo hashindani na wakwe. Nimekusikia mama. Ni mara yangu ya kwanza kukukatalia jambo, na ninakukatalia nikiwa nimekaa chini, kwa heshima zote. Sinyolewi. Sasa nivumilie nikueleze, kwa sababu yaliyokufikia huko yamefika nusu.

Unamkumbuka Bi Sabah, yule mjane wa Kiarabu wa duka la vitambaa hapa Dunda, ninayemshonea kofia. Bi Sabah si mtu wa pwani hasa. Kakulia Mufindi, baba yake alikuwa na duka karibu na mashamba ya chai. Huko juu, anasema, kuna vijito vya maji baridi kama barafu, na ndani yake kuna samaki walioletwa zamani na Wazungu wa chai, na samaki hao hawavuliwi kwa mnyoo wala kwa nyavu. Wanavuliwa kwa manyoya. Unachukua ndoana ndogo, unaizungushia unyoya wa jogoo na uzi, unafunga mpaka ikielea majini inafanana na mdudu au kitu kilichoanguka. Yeye alijifunza angali msichana, na alipoteremshwa huku kuolewa alikuja na ufito wake wa kuvulia. Wenzake walikuja na udi na marashi! Marehemu mumewe alicheka mpaka akauning'iniza ukutani kama picha.

Sasa magoti yamemvimba. Siku moja nilikuwa namalizia ukingo wa kofia, akanitazama vidole kwa muda, akasema vidole kama vile vinapotezwa kwenye vichwa vya wanaume wenye upara. Akaniletea ndoana. Kufunga nilijua siku ileile, maana ni ushonaji tu, kazi ya macho na subira. Kurusha ndiko kulikonitoa jasho. Mshipi wenyewe ndio mzito, unarusha mshipi na kinyoya kinafuata nyuma. Alinikalisha uani kwake niulenge kwenye beseni, yeye kakaa na kahawa yake ananitukana. Eti napiga kama naua nyoka. Eti samaki wakiniona watadhani ugomvi. Dija alikuwa anapiga makofi nikikosa.

Mama, usidhani ulikuwa mchezo. Ile mvua kubwa iliyobomoa madaraja ilibomoa na mabwawa ya watu wanaofuga samaki huko juu, na samaki wao wakaingia Ruvu. Sato unamjua. Ila kuna na mwingine, mnene, magamba mapana, ana vindevu viwili pembeni mwa mdomo. Huku wamemwita bwana shamba, kwa sababu kutwa anachimbachimba tope. Maji yaliyokuwa maangavu sasa ni uji. Perege wetu wa asili wamepungua, wageni wamewafukuza kwenye mazalio yao. Wenye nyavu wanalalamika, kwa sababu bwana shamba anajificha kwenye mizizi na nyavu zinachanika. Basi kila mtu ananung'unika na hakuna anayemla.

Shamba la wakwe zangu linapakana na mkono mmoja wa mto, mfupi, ambao mamba hawaupendi. Hata hivyo siingii majini, nasimama juu ya ukingo, na Dija namwacha kwa shangazi yake mbali na maji. Pale pana mizambarau imeinamia mto. Msimu wa zambarau niliwaona wale samaki kwa macho yangu. Tunda likianguka, chubwi, mdomo unatoka chini na kulimeza. Ukiweka zambarau lenyewe kwenye ndoana linabomoka ukirusha. Nikaenda nikafunga zambarau la sufi, rangi ileile ya zambarau lililoiva kabisa, nikalirusha chini ya tawi lianguke kwa kishindo kidogo. Chubwi. Mama, nilidhani nimenasa kisiki, halafu kisiki kikaanza kutembea.

Nilimloweka kwa ndimu na chumvi tangu asubuhi ili harufu ya tope imtoke, nikamkaanga, nikamtia kwenye nazi nzito. Mama mkwe, Bi Mwaija, mtu wa Kaole, mtoto wa bahari, ambaye siku zote anasema samaki wa mtoni ni chakula cha waliokosa, alikula akarudia. Akaniuliza nguru huyu mtamu nimemtoa kwa mvuvi gani. Nikamwambia si nguru, ni bwana shamba, na mvuvi ni mimi. Akaacha kutafuna. Akainuka akaenda kusukutua. Nadhani hapo ndipo palipoanzia, maana mtu anaweza kukusamehe ukimnyima kitu kizuri, lakini ukimfanya akile na kukisifu ndipo ajue ni kile anachokidharau, ni vigumu.

Halafu jogoo. Bi Mwaija ana jogoo mweusi, shingo inameremeta kijani. Hakuna manyoya kama yale Bagamoyo nzima. Nilikuwa naokota yaliyodondoka, na siri yako mama, siku nyingine nilimkamata nikamnyofoa machache ya shingoni. Akaonekana ana kipara. Bi Mwaija akaanza kuulizana na majirani ni nani anayemchezea jogoo wake mweusi, na kwa nini mweusi, na kwa nini shingoni.

Wiki iliyofuata alikuwa anatafuta chumvi kwenye rafu yangu, akafungua kopo la maziwa ninaloweka vinyoya. Jiweke kwenye nafasi yake, mama. Mimi najiweka, sina ubishi. Mle ndani ameona ndoana zimefungwa manyoya meusi ya jogoo wake kwa uzi mwekundu. Ameona vidude vya sufi rangi ya damu iliyoganda. Na ameona nywele. Nywele nyeupe za mtu, zimefungwa kishungi kwa ustadi. Alipiga yowe ambalo hata waliokuwa kisimani walilisikia.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, baada ya sala, wakakaa kikao. Aliyekiongoza ni Mzee Mbaruku, baba mdogo wa mume wangu Husseni. Kopo likamwagwa juu ya jamvi na hakuna aliyetaka kukaa karibu nalo. Nikaulizwa. Nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, samaki, manyoya, Mufindi, zambarau. Mmoja akaguna kwamba hata wachawi wa siku hizi wanajua kutunga. Bi Mwaija akainua ile ndoana yenye nywele kwa kijiti, akavua ushungi wake mbele ya wanawe, akaonyesha mvi zake, akasema hizi zangu hizi, mke wa mwanangu ananifunga, ndiyo maana miguu inaniwaka moto tangu mwezi uliopita. Alikuwa analia kweli, mama. Hakuigiza. Nilimwambia mama, naapa kwa Mwenyezi Mungu nywele hizi si zako. Mzee Mbaruku akauliza, basi ni za nani? Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikanyamaza. Kimya kile ndicho kilichonimaliza.

Wakaamua nipelekwe kwa mganga huko bara, ninyolewe kichwa, nichanjwe, ninyweshwe dawa ya kuua uchawi. Mpaka hayo yafanyike, Dija abaki kwa bibi yake na nisimguse. Nikawauliza, kwa adabu, mnaniita mshirikina halafu mnanipeleka kwa mganga, ni msikiti gani unaofundisha hivyo? Wakasema mdomo ndio huo sasa umeanza kujionyesha. Nikasema kabla hamjaninyoa, njooni mtoni mwone kwa macho yenu.

Jumamosi asubuhi walikuja wote, na wasioalikwa wakaja. Kurusha kwangu kwa kwanza kinyoya kilinasa juu ya mzambarau na watu wakacheka, nami nikakata mshipi nikafunga kingine. Cha pili kilianguka vizuri, chubwi, na bwana shamba akachukua. Nilipigana naye, nikamburuta kwenye nyasi, mkubwa kama mtoto mchanga. Nikageuka nikidhani nitashangiliwa. Mama, watu walikuwa wanarudi kinyumenyume. Mzee Mbaruku akasema taratibu kwamba yeye kazaliwa ukingoni mwa mto huu, na hajaona samaki anayeacha tunda na kwenda kula manyoya ya kuku. Kama huo si uchawi, uchawi ni nini?

Ushahidi wangu ukawa ndio kesi yao. Sikujua nicheke au nilie.

Husseni alikuwa hajasema neno tangu Ijumaa. Unamjua mkweo, hata akikanyagwa ni yeye anayeomba radhi. Alikuja akachukua ufito mkononi mwangu, akasema kama ni uchawi basi na yeye aujaribu, mbele ya wote. Akarusha kwa nguvu za mtu wa mashamba ya chumvi, aliyezoea koleo. Kinyoya kilikwenda nyuma kwanza, kikamvua Mzee Mbaruku kofia, kisha kikaipeleka mtoni. Ile kofia nilimshonea mimi, mama. Ikaelea, ikazama. Hakuna aliyecheka ila Dija, alicheka peke yake mpaka akapaliwa. Bi Mwaija akasema si mmeona sasa, kitu kinamtii yeye tu, kwa mwingine kinaleta balaa.

Hapo Husseni akaweka ufito chini. Akamwamkia baba yake mdogo upya, kama ndiyo kwanza wamekutana, akasema: "Baba, kofia nitakununulia. Lakini kama huyu ni mchawi, mimi nimelala ubavuni mwake tangu tuoane na kila siku naamka mzima. Hanyolewi. Na mtoto hatoki mgongoni mwa mama yake." Nikamfunga Dija mgongoni kwa khanga, nikachukua samaki wangu, maana sikuona sababu ya kumwacha, tukaondoka watatu mbele za watu. Nilisikia nyuma yangu mtu akisema tazama, na samaki kamchukua. Ndiyo. Nimemchukua.

Sasa tunakaa chumba cha uani kwa Bi Sabah. Husseni anakwenda chumvini kama kawaida. Mimi nashona, na asubuhi moja moja nakwenda mtoni kutokea upande wa pili, si kwa shamba la wakwe. Kuna wanawake wawili wamenifuata kwa siri kuuliza kinavyofungwa. Mmoja ni jirani yake kabisa Bi Mwaija. Nimewafundisha mchana kweupe, mlango wazi, ili atakayepita aone. Nawaambia perege mkimpata mrudisheni, ni wa kwetu, wageni ndio tuwale. Nina matumaini makubwa mama. Nikiwapata wanawake watano tu wenye ufito, hilo neno la uchawi litakosa pa kukaa, maana hawawezi kutunyoa wote.

Lakini Bi Mwaija hajalala. Ameitisha kikao kingine Ijumaa ijayo na ameagiza wewe na kaka Ridhiwani mje, kwa upande wa mwanamke, muombe radhi na mkubali ninyolewe, la sivyo watamdai Dija. Ujumbe utakufikia kwa kaka kabla au baada ya barua hii. Ndiyo maana nimekuandikia haraka.

Sasa nikwambie lile ambalo hakuna anayelijua ila Husseni na Bi Sabah.

Idi iliyopita nilipokuja Saadani ulinikalia mbele, nikakuchana, nikakusuka twende kilioni. Ulipoinuka ukanipa zile nywele zilizobaki kwenye kitana, ukaniambia nizifukie mgombani kama tulivyozoea, zisije zikaokotwa na mtu mbaya. Nikatoka nazo. Sikuzifukia mama. Nilizifunga kwenye pindo la khanga yangu nikarudi nazo Bagamoyo. Zilikuwa nyeupe, laini, na zinang'aa, na nilikuwa nimeanza kupoteza vinyoya vyangu chini ya kivuli cha mizambarau, sivioni, samaki anavuta nami sijui. Nikafunga kishungi cha nywele zako juu ya kinyoya. Nakiona toka ng'ambo. Mvi zikizama, najua samaki kachukua. Huyo mkubwa wa Jumamosi ile alichukua kinyoya cha namna hiyo, nilikificha kwenye kofia niliyokuwa nashona siku walipomwaga kopo.

Basi umeelewa kimya changu. Kama ningesema ni za mama yangu, wasingenipeleka kwa mganga mimi. Wangesema binti katumwa. Wangesema kikongwe wa Saadani mwenye jicho linalotoa machozi ndiye mwenye kazi, mimi mkono wake tu. Unajua wanavyofanyiwa wanawake wazee wakishatajwa hivyo, na si kunyolewa peke yake. Wanitazame mimi, nina miguu ya kukimbia na mdomo wa kujibu. Wewe hawakupati. Hata wakiniweka mbele ya msahafu nitasema si za Bi Mwaija, na hiyo ni kweli, na hapo nitaishia.

Kwa hiyo mama, ukija Ijumaa, njoo. Nataka uje, Dija anakuulizia. Lakini usije kuniombea radhi, na usiinamishe kichwa kwa mtu. Wakikuuliza, sema mwanangu anavua samaki. Ukiona moyo hauwezi, usije, wala sitanuna. Ila usimtume kaka kunikubalia jambo, kwa sababu sitakubali, na atarudi na aibu ya bure.

Nisamehe kwa kukudanganya siku ile kwamba nimezifukia. Kwa hilo tu naomba radhi. Nywele zenyewe zimefanya kazi nzuri, na nimebakiwa na kishungi kimoja.

Wasalimie wote wa nyumbani. Bi Sabah anakusalimu sana, anasema mtu mwenye mvi laini namna hiyo angependa kumjua. Husseni anasema shikamoo mama. Dija nimemshikisha kalamu, huo mchoro hapo chini ni wake, anasema ni bibi.

Na mama, ukijichana tena, usifukie. Niwekee.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwanvita, mama Dija